Nilifuta Majina ya Watu wa Nyakabere Juu ya Egzameni

Ndugu zangu, muniache niseme. Kosa si la mashini, si la vita, si la shefu. Ni langu minye mwenyewe! Wakubwa wanasema mficha uchi hazai, na minye nimeficha hii mpaka imeanza kunila.

Kama munataka kunitukana, munitukane. Lakini kwanza mumalize kusoma.

Minye ni muntu wa Songo, hapa Uvira. Wakati vita ilikuwa inasukuma watu wa bonde la Ruzizi kuja mjini, nilikuwa na kazi mu biro moja ya misaada, sitaitaja. Nilikuwa naingiza majina ya wakimbizi mu ordinatere, ile mashini ya kompyuta. Muntu anakimbia kijiji cha Nyakabere na godoro kichwani, anafika hapa analala mu darasa la shule, na jina lake linapita kwanza kwa mikono yangu. Jina likiwa mu liste, anapata unga, maharagi na mafuta. Lisipokuwa, hapati kitu. Ilikuwa hivyo tu.

Sasa, nilikuwa na tamaa yangu. Nilikuwa nasomea sertifika ya kupanga data mu ordinatere, ile inayotoka ng'ambo, ile ukiwa nayo hata Nairobi wanakuita. Nilichoka kuwa muntu wa kuandika majina ya wengine. Nilitaka minye pia niitwe ingénieur! Egzameni yenyewe, ule mtihani, inafanyiwa Bujumbura, kuvuka mpaka. Mara mbili nilijiandikisha, mara mbili mpaka ukafungwa juu ya masasi, risasi za vita. Mara ya tatu ikapangwa alhamisi moja, na waliniambia wazi kwamba nikikosa hiyo naanza upya kabisa.

Nyumbani umeme ulikuwa unakuja kama mgeni, unasalimia unaenda. Biro njo ilikuwa na jeneratere na internet. Basi nikawa nasomea kazini, saa za kazi. Mbele ya ekrani liste ya wakimbizi, nyuma yake masomo yangu. Shefu akipita, naleta liste. Akienda, narudi kwa masomo. Ule ulikuwa wizi! Lakini wakati ule niliuona kama ujanja.

Tulikuwa na mama mmoja kazini, nimuite Mama Furaha. Yeye alikuwa anakaa nje mu hema, anaandika wakimbizi kwa kalamu ya bic mu kaye, daftari lake. Mama yule alikuwa polepole, yaani polepole! Kila muntu anamuuliza jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, halafu: "Mama yako anaitwa nani?" Mustari mrefu, jua kali, watoto wanalia, na yeye bado anauliza mama yako anaitwa nani. Jioni ananiletea kaye ili niingize yote mu mashini.

Ile nafasi ya jina la mama ilikuwa inanilia wakati. Majina marefu ya Kirundi, mwandiko wa kuinama. Nikaona nikiiruka, napata karibu saa nzima ya kusoma kila siku. Nikairuka. Nilijiambia nitaijaza kisha egzameni. Nani ataona?

Juma moja mbele ya egzameni, nikafika kwa somo la kutafuta majina yanayorudi mara mbili na kuyafuta. Siku ile ile shefu akaingia amekasirika. Wakubwa wake wanasema liste yetu imejaa watu waliojiandikisha mara mbili mbili. Moyo wangu ukaruka kwa furaha! Masomo yalikuwa na majina kumi ya wazungu ya kujaribia, na minye hapa niko na maelfu ya majina ya kweli!

"Shefu, niachie minye," nikasema. "Mpaka saa kumi itakuwa safi."

Niliandika mistari mitano tu. Penye jina moja, kijiji kimoja na tarehe moja ya kuzaliwa, ibaki muntu mmoja, wengine watoke. Sikuweka kopi. Nikabonyeza, na majina yakaenda, kurasa kwa kurasa. Shefu akanipiga begani.

"Weye uko muntu wa kichwa!"

Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Umejua namna gani kama ni muntu mmoja?" akauliza.

"Mama, hiyo ni kazi ya mashini. Weye endelea na bic yako."

Biro nzima ikacheka. Hata yeye alicheka kidogo, kwa aibu.

Sasa musikie upumbavu wangu. Ndugu zetu wa bonde, wale wanaosema Kirundi, wengi wanampa mtoto jina kwa kufuata alivyozaliwa. Wa saba anaitwa Nyandwi. Wa nane, Minani. Mapacha ni Bukuru na Butoyi. Mu kijiji kimoja unaweza kupata akina Nyandwi kumi na zaidi, wanaume kwa wanawake, na hakuna anayeshangaa. Jina la ubatizo liko, ndiyo, lakini nalo ni Maria na Yosefu kila nyumba. Na wazee wasiojua siku ya kuzaliwa, sisi wenyewe tulikuwa tunawawekea wote tarehe ya kwanza ya Januari na mwaka wa kukisia. Kinachowatenganisha ni mama zao.

Mutasema sikujua. Nilijua! Shule ya msingi nilikaa benchi moja na Minani wawili!

Jumatatu wakagawa chakula, na watu wakarudishwa mikono mitupu. Mchana mama mmoja akaja dirishani kwangu na binti yake, nimuite Esperance, aliyekuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Yule mama alikuwa Maria Nyandwi. Jina lake sikulibadilisha hapa, kwa sababu wako wengi, hakuna atakayemjua.

"Mwana wanje," akaniita, ni kusema mwanangu. "Bananiambia jina yangu haiko. Juma iliyopita ilikuwako."

Nikatafuta. Maria Nyandwi wa Nyakabere, nikapata mmoja, na huyo alikuwa amekwisha kuchukua chakula. Nikamuuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Akanitajia. Nikavuta kaye ya Mama Furaha, nikapitisha kidole. Maria Nyandwi walikuwa watano, wote na Januari ile ile na mwaka ule ule. Mama zao watano, kila mmoja na wake.

Nilijua pale pale, si kesho yake. Ningeweza kumwendea shefu na kumwambia nimeharibu. Lakini hiyo ilikuwa ni kuingiza kaye zote upya, kazi ya siku kumi, na ruhusa ya alhamisi ingeota mabawa. Ama ninyamaze siku tatu tu, niandike egzameni yangu, nirudi nitengeneze. Siku tatu, nikajiambia, ni nini?

"Mama, mashini njo imekataa," nikasema. "Urudi juma ijayo."

Hakukasirika. Afadhali angenitukana!

"Na hawa watoto, mpaka juma ijayo watakula nini?" akasema. "Muhogo yangu iko mu shamba kule. Nitaenda niichimbe."

"Usiende, mama. Kule iko masasi."

"Masasi iko, na njaa iko. Ungekuwa weye, ungechagua gani?"

Esperance akanitazama sana. "Kaka, hakuna hata kakaratasi unaweza kumuandikia?"

Kalikuwako. Shefu alikuwa na bon za dharura, karatasi za kuchukulia chakula, mu meza yake, na kumwomba moja ilikuwa ni kupiga hatua kumi. Lakini angeniuliza ni ya nani, na juu ya nini huyu mama hayuko mu liste. Nikasema hakuna. Nikageuza macho kwa ekrani, kwa somo nililokuwa nimeliacha katikati. Walipoondoka dirishani, munisamehe, nilisikia afadhali.

Alhamisi nikavuka. Kule Bujumbura walitukalisha mu chumba chenye baridi ya mashini, kila muntu na ordinatere yake. Mu maswali, moja lilisema: mbele ya kufuta data, unafanya nini kwanza? Nikachagua: unaweka kopi, halafu unahakikisha na wanaoijua ile data. Ndiyo, nilijibu vizuri! Sikuhitaji hata kufikiri. Nikabonyeza mara ya mwisho, ekrani ikaandika kwamba nimefaulu. Nikapiga magoti pale pale mbele ya watu nisiowajua, nikamshukuru Mungu.

Ijumaa nikaingia biro na keki ya kugawa. Hakuna aliyeuliza egzameni imeenda namna gani. Mama Furaha akanivuta nyuma ya hema.

Mama Nyandwi alikuwa ameenda shambani jumatano na wanawake wawili. Masasi ikawakuta mu muhogo. Wale wawili walikimbia. Yeye goti lilikuwa linamsumbua, hakuweza. Asubuhi wenzake walirudi, wakamzika pembeni ya shamba, bila padri, bila jeneza, kwa kitenge alichokuwa amevaa.

"Alikuwa mu kaye yangu," Mama Furaha akasema. "Juu ya nini hakuwa mu mashini yako?"

"Mashini iliharibika, mama," nikamjibu. Hata pale! Hata pale nilidanganya!

Shefu naye nilimwambia mashini imekula majina, na siku kumi tuliingiza majina upya, yeye anasoma kaye, minye naandika. Safari hii sikuruka nafasi hata moja. Tulipofika kwa mustari wa mama Nyandwi, akasoma jina, akasoma kijiji, akasoma jina la mama yake, kisha akaacha kidole pale pale.

"Huyu tumuandike?" akauliza.

Nilimuandika. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Wale wengine niliowafuta walikula nini juma lile, sikuuliza, na mpaka leo naogopa kuuliza.

Unajua shefu alifanya nini? Alisimamisha watu wote akasema mashini ilituangusha lakini kijana wetu ameokoa liste, na sasa ana sertifika ya kimataifa. Wakanipigia makofi. Mama Furaha alikuwa anafunga kaye zake kwa kamba, hakuinua kichwa. Na minye? Nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu!

Baadaye vita ikaingia mpaka mjini kwetu, biro ikafungwa, kila muntu akashika njia yake. Mama Furaha alivuka kwenda Burundi, sijamuona tena. Sertifika ilinipa kazi, siwezi kukataa. Wananiita ingénieur kweli. Lakini bugali wa muhogo haunishuki. Mke wangu anafikiri ni tumbo, ananipikia wali. Nikiwa kazini nikitakiwa kufuta kitu, hata kama ni kitu cha bure, namwita mwenzangu afute yeye. Wanasema niko muntu wa uangalifu sana. Wangejua!

Miezi iliyopita nikasikia kwamba Esperance anakaa Makobola na watoto wake, anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Juma nzima nilikuwa napanga kwenda na kupangua. Siku moja nikaenda.

Nilimkuta anaanika ndagala kando ya nyumba. Alinikumbuka. "Kaka wa dirishani," akasema, akanipa kiti. Kile kiti kiliniuma kuliko tusi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: nafasi niliyoiruka, mistari mitano, bon za shefu, alhamisi. Sikuacha kitu. Mikono yake iliendelea na ndagala mpaka nikamaliza. Nilikuwa nangoja anipige. Nilitaka anipige!

Akapangusa mikono kwa kitenge chake. Kisha akauliza:

"Na ile egzameni, ulipita?"

"Nilipita."

"Basi hongera, kaka."

Hakuwa ananichekelea. Alisema kama vile muntu anavyosema anapoambiwa habari na hana kitu kingine cha kusema. Halafu akaniomba niende, kwa sababu watoto walikuwa karibu kutoka shule na hakutaka wamkute akilia. Nikaenda. Nililia mpaka Uvira, watu wa njiani wakaniuliza nimefiwa na nani.

Vijana wenzangu munaofanya kazi na kusoma, musome. Elimu si mbaya, na mwenye kutaka kupanda hana kosa. Lakini masaa ya kazi ni ya wale munaowafanyia kazi, na musiyaibe. Kila mustari mu liste ni muntu ana tumbo. Na ukikosea, mwambie mkubwa wako siku ile ile, hata akufukuze, hata upoteze ulichokisomea mwaka mzima! Usijiambie unangoja kidogo tu utengeneze kimya kimya. Minye nilinyamaza siku tatu tu, na kwa siku hizo tatu, mama Nyandwi alikuwa hai siku mbili.