Makumbi Makavu

Siku chache kabla mambo hayajaharibika, Mama alinichukua pwani kufukua makumbi ya nazi. Kwetu Kusini Unguja wanawake huyafukia kwenye mchanga unaoachwa na maji yakipwa, huyaacha miezi mpaka yaoze, kisha huyafukua yakinuka na kuyapiga kwa fimbo nene yangali yametota. Ndipo nyuzi hutoka, zikasokotwa kamba. Siku hiyo nilipiga vibaya, nikajirushia maji machafu usoni, na Mama akacheka mpaka akakaa chini. Baba alikuwa dukani akipima sukari na kubishana na wateja.

Baba alikuwa Mwarabu, kazaliwa Oman, akaja Unguja kijana. Mama alikuwa mtu wa kijiji kile, na nusu ya kijiji walikuwa ndugu zake. Mimi sikujua kwamba nina pande mbili.

Habari za mapinduzi zilitufikia kwa redio ya jirani, kisha kwa watu waliokimbia mjini kwa miguu. Walisema Waarabu wanakamatwa, wengine wanauawa. Baba alisema yeye hana ugomvi na mtu. Nilimwamini, nilikuwa mtoto na yeye ni baba yangu. Ramadhani ikaingia. Tulifunga, tukafuturu kwa muhogo, na kila gari liliposikika Mama aliacha kutafuna.

Asubuhi moja lori lilisimama karibu na msikiti.

Hakukuwa na nafasi ya kufika msituni. Uani kulikuwa na lundo la makumbi mapya yanayongoja kupelekwa kufukiwa. Baba akalala kando ya ukuta, tukamfunika nayo. Mama akakaa mbele ya lundo, akanitupia kumbi na fimbo.

"Piga," akasema. "Usinyanyue kichwa."

Tukapiga.

Wakaingia na mapanga na bunduki. Mkubwa wao hakuwa mtu wa kwetu. Akauliza mwenye duka yuko wapi, na Mama akajibu kenda mjini tangu juzi. Yule mtu akalitazama lundo, akatutazama sisi, akaona wanawake na kazi yao. Akageuka kutoka.

Nyuma yao alikuwamo Mjomba Pandu. Mama yake na mama yake Mama walikuwa ndugu, na yeye na Mama walilelewa nyumba moja, wakapiga makumbi pamoja utotoni.

"Dada," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimtania nayo siku zote, "tangu lini weye ukapiga makumbi makavu?"

Fimbo ya Mama ikasimama.

Mkubwa wao akarudi.

Walimtoa Baba, ndevu zimejaa vumbi. Alimuomba Mama kofia yake, Mama akampa, na lori likaondoka. Hatukumuona tena, wala hatukuambiwa alikozikwa.

Baadaye ami yangu, ndugu wa Baba, alinileta Muscat. Mama alikataa kuondoka. Mjomba Pandu alimhudumia maisha yake yote: kuni, muhogo, paa likivuja. Mama alipokea, akashukuru, na jambo lile hakulitaja. Mimi nisingeweza. Nilipokwenda Unguja kumzika Mama, nilimfuata Mjomba kibarazani, nikamuuliza kama alimuuza baba yangu au ulimi ulimteleza.

"Nimejiuliza mpaka nimechoka, mwanangu," akasema. "Nnakumbuka nilivyosema. Sikumbuki nilichotaka."

Nilikasirika mno. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na nilikuwa nimejiandaa kwa toba. Kwa jibu lile sikuwa na la kufanya, nikarudi Muscat nalo.

Sasa naishi Ansab, hapa hapa Muscat, kwa mwanangu Salim. Wajukuu wanasema Kiarabu wao kwa wao na Kiswahili kwangu, na nikiwahadithia haya wanataka niwatajie mbaya ni nani. Nawaambia waache simu wanywe chai.

Juzi ikaja habari kwamba Mjomba Pandu amefariki, mzee kabisa, kitandani kwake. Salim akaja kukaa karibu yangu.

"Mama, tumsomee khitma hapa nyumbani, au tunyamaze?"

Kumchukia kumenichosha, na kumsamehe sijakuweza mpaka leo. Lakini mbali na mimi, yeye alikuwa wa mwisho aliyemjua Baba akiwa hai, na sasa hakuna mwengine wa kumuuliza.

"Msomeeni," nikasema. "Ila muanze na babu yako."

Salim akanitazama. "Babu hajasomewa?"

"Hajapata kusomewa. Bibi yako alikataa. Alisema mtu anayengojwa hasomewi khitma. Nami baada yake nikaendelea kungoja."

Akaniuliza aalike watu siku gani.

"Leo," nikamwambia.