Viatu Vipya vya Neema

Juzi, kule mtaani Ndosho, nilimwona msichana akishuka kwenye pikipiki kwa mguu wa bandia, nikasikia tena harufu ya plastiki iliyochomwa. Ndivyo kilivyonuka kile kituo cha kutengenezea miguu ya bandia, mchana ule wa utotoni dada yangu Neema alipojaribu mguu wake mpya. Alishika vyuma viwili vya mazoezi, kimoja kila upande, akapiga hatua tatu, watu wote wakampigia makofi. Tena alikuwa amenunuliwa viatu vipya! Nikamwonea wivu. Nikapita mbio katikati ya vyuma vile, bila kushika kitu.

“Mama, angalia na miye!”

“Toka pale, we mutoto!”

Neema aliikazia macho miguu yangu. Nilidhani anavicheka viatu vyangu vilivyotoboka. Kumbe sikuwa na wivu peke yangu.