Kukiona Kikohozi cha Baba

Sindano za kifua kikuu sugu ziliniponya mapafu, zikaniua masikio. Nilitoka wodini nina miaka thelathini na mmoja, fundi wa kompyuta nisiyesikia hata mlango wangu ukigongwa, nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga kule Themi, mjini.

Baba, mkulima wa kahawa na ndizi huko juu Meru, hakuwa mtu wa kuandika. Kila asubuhi alinitumia ujumbe wa sauti, kama vile hajaambiwa kuwa sisikii. Mwanzoni nilimpelekea mama mwenye nyumba anisikilizie, naye akaniandikia kwenye karatasi: "Ng'ombe amezaa." "Anauliza kama umekula." Baadaye nikaona aibu kumsumbua.

Basi nikawa nazitazama tu jumbe zenyewe. Kwenye kompyuta kuna lile dirisha jeusi ambalo sisi mafundi tunaandikia amri. Niliandika mstari mmoja, na kila faili la sauti likajichora kwa vijiti vya kijani: virefu pale Baba alipopaza sauti, vifupi alipovuta pumzi. Sikujua anasema nini. Nilijua mwendo wake tu: anaanza polepole, ananyamaza, anamalizia haraka haraka kama aliyechelewa ibada.

Mwezi wa pili tangu nitoke wodini nikaona vijiti virefu, vyembamba, vimesimama peke yao katikati ya ukimya. Wiki iliyofuata vilikuwa vingi kuliko maneno. Nikajirekodi nikikohoa, nikachora. Vilifanana kabisa.

Kabla sijajua naumwa nini, nilikuwa nimelala kwa Baba wiki tatu, akininywesha uji kwa mkono wake.

Nikamwandikia dada yangu, aliyekuwa akiishi na Baba: "Mpeleke hospitali leo." Akajibu: "Anasema ni vumbi la mahindi."

Nikamwandikia kwamba kesho yake nitapanda mwenyewe, nikapanda. Baba alikuwa barazani, amejifunika blanketi, kola ya shati imempwaya. Nikasema shikamoo bila kujua imetoka kwa sauti gani. Midomo yake ikasema marahaba, kisha mabega yakaanza kuruka kwa kikohozi.

Hospitali wakathibitisha: kifua kikuu, sugu kama changu. Dada aliandika kwenye daftari swali nililoogopa kuuliza, akampa daktari. Daktari akajibu chini yake: "Hatuwezi kujua nani alimwambukiza." Alikuwa anatuhurumia. Mimi na dada tulijua.

Baba hakumaliza hata mwezi wa kwanza wa dawa. Tulimzika mgombani.

Baada ya matanga nilimwomba dada asikilize faili zote aniandikie. Alijaza kurasa tisa: ng'ombe, mvua, bei ya kahawa, jirani aliyehama. Faili la mwisho, la siku moja kabla sijapanda, alilirudia mara mbili, akafunga daftari.

"Hapo amesemaje?" niliuliza.

Alilifungua tena daftari na kuandika: "Anasema usije, barabara ina matope."

Wiki niliyopanda mvua haikuwa imenyesha; barabara ilikuwa vumbi tupu. Sikumuuliza dada tena Baba alisema nini hasa.