Pikipiki ya Bingwa

Juma lililopita, katika gereji moja hapa Kasongo, nilikuta wanaume watatu wameizunguka pikipiki nyekundu ya zamani ya mashindano. Mwenyewe, bingwa wa mbio za mjini, alikuwa amefariki. Mjane wake alikuwa ameileta itolewe injini ya zamani, itiwe moteri mpya.

Fundi mzee aliweka kiganja juu ya tangi. "Mama, tukitosha moteri hii tutie ingine, haiko tena pikipiki ya mbio. Inabaki chuma tu."

"Pikipiki ya mbio ni sauti," akapinga dereva wa teksi-moto. "Mutu alikuwa anaisikia kwa mbali, anatoka barabarani."

Wa tatu alishikilia kwamba ni umbo, na hata rangi isiguswe. Mimi nilikuwa upande wa sauti, na nilisema hivyo.

Yule mjane akasimama, akakaza kitenge chake. "Baba zangu, bwana yangu alibadilisha moteri mara tatu. Rangi alipaka yeye mwenyewe. Zamani ilikuwa ya buluu. Alitaka tu ipite za wengine. Mimi nataka inifikishe soko ya Salamabila na mawese yangu."

Fundi akachukua spana.

Sisi wapenzi wa vyombo vya moto vya zamani tunajua sana kueleza urithi. Siku ile tulisahau tu kumuuliza mwenye nao.