Fundi Nduku na mlingoti ambao ofisi haitaki kuuona

Saa nne asubuhi upepo umeshaamka Mambrui, na Bridgit Nduku yuko juu ya paa la Mwalimu Rufaida, amelalia gunia lililoloweshwa maji ili bati lisimuunguze. Anakaza waya kwenye shina la mlingoti. Mlingoti wenyewe ni mti wa mvinje, mrefu, umemenywa magome ukabaki mweupe, na kileleni kuna dishi la intaneti, dogo kama sahani ya pilau.

Simu inalia mfukoni mwake. Haipokei.

"Ni hao?" anauliza Mwalimu Rufaida kutoka uani, kanga kaishika isipeperuke.

"Ndio hao. Wacha ilie mpaka ichoke."

Wanaopiga ni wa ofisi ya intaneti mjini Malindi, inayompa Nduku kibarua cha ufundi. Wamemwambia aushushe mlingoti huu kabla ya Jumatatu, la sivyo asahau kazi. Na Nduku, mama wa watoto wawili aliyehamia Malindi kutoka Kibwezi, hana kazi nyingine.

"Nina hasira, sitadanganya," anasema akifuta jasho kwa kiwiko. "Huu waya ulikwisha kukazika. Nazidi kuukaza kwa hasira tu."

Mwalimu Rufaida hufundisha Kurani na Kiswahili kwa njia ya video. Wanafunzi wake ni watoto wa watu wa pwani waliohamia ng'ambo. Kusi, ule upepo wa kusini, ilipoanza kuvuma, masomo yakawa yanakwama. Intaneti haikuwa ikikatika moja kwa moja, ingekatika ingejulikana. Ilikuwa ikiganda kidogo, ikirudi, ikiganda tena.

"Mtoto anasoma aya vizuri, mara kaachama mdomo, hafungi wala hasemi," anaeleza Mwalimu Rufaida. "Akirudi, keshafika mbele, na mimi sijui kama kakosea. Kurani haisomeshwi hivyo, wallahi."

Nduku alipoitwa mara ya kwanza alianzia sebuleni. Ruta ya waifai ilikuwa ndani ya kabati la vioo, baina ya birika la shaba na vikombe vya wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi. Ilikuwa ya moto kama chapati.

"Nikamwambia, Mwalimu, hii si bi harusi. Mfunue apumue."

Kitambaa kikatolewa, lakini kukwama kukaendelea. Akabadilisha neno la siri la waifai, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa nalo. Kumnyima jirani ni aibu, na kila mgeni alipewa pamoja na kahawa. Majirani wakanuna na mtandao ukaganda vilevile. Akabadilisha waya. Mwisho akaiweka ruta kando, akaunganisha kompyuta na dishi moja kwa moja. Ikaganda. Hapo akajua ubaya hauko ndani ya nyumba.

Ofisi haikukubali. Msimamizi wake, Oliver, alikuwa akipima kutoka mjini kila asubuhi mapema, upepo ukiwa bado umelala, na kila asubuhi vipimo vilikuwa safi.

"Aliniambia, 'Madamu, huyo mama hajui kutumia. Sema shida ni ya mteja, ufunge kazi.' Na kwetu sisi wa kibarua, nyumba ikilalamika tena, kwenda na kurudi ni juu yako. Nauli yako, jua lako."

Siku moja Mwalimu Rufaida alimzuia asiondoke bila kula. Nduku akakaa barazani na sahani ya wali na samaki wa kupaka, kompyuta kaiweka wazi kando yake. Alipoinua macho, aliona kuti la mnazi wa kiwanja cha pili likiinama mbele ya dishi. Kompyuta ikaganda. Kuti likarudi nyuma, kompyuta ikafunguka. Wali ukapoa mkononi.

Dishi hupokea mtandao kutoka kwenye mnara, na sharti lipate njia nyeupe, isiyozibwa na kitu, hadi mnarani. Lilipofungwa, mnazi ule ulikuwa mfupi. Sasa umepanda. Nduku aliomba mlingoti mrefu zaidi. Ofisi ikajibu kwamba nyumba zote zina kipimo kimoja, na wa Mwalimu haungekuwa tofauti.

Basi akaenda kwa Njenga, aliyenunua kile kiwanja, kumwomba ruhusa ya kupunguza makuti.

"Kata tu, dada," Njenga akamwambia. "Kiwanja ni changu, mnazi ni wangu."

Nduku akafunga panga kwenye mti mrefu, akakata akiwa juu ya paa. Makuti yakaanguka, na pamoja nayo likaanguka karara, lile chipukizi linalobeba maua ya nazi. Hakulijua. Hakuwa amemaliza kushuka ngazi Mzee Ngowa, aliyekiuza kiwanja kile, alipoingia uani bila kubisha.

"Nani kaninyolea mnazi wangu?"

"Shikamoo, baba. Mwenye kiwanja ndiye..."

"Sikuulizia kiwanja! Mnazi nimeupanda mimi, ndiyo kwanza unazaa, nawe umeniulia karara lake la kwanza!"

Njenga akatokea akijitetea kwamba alinunua. Mzee akamgeukia.

"Ulinunua mchanga. Ardhi niliuza, minazi sikuuza. Ulikuwapo wazee walipolisema hilo, ukatikisa kichwa kama umesikia!"

Njenga akakiri kwamba alitikisa kichwa tu. Hakudhani mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na udongo wa mtu mwingine. Huko kwao ukinunua shamba umenunua na kilichosimama juu yake.

Mzee Ngowa akataka kusema na aliyemtuma Nduku. Nduku akapiga simu, akaweka sauti kubwa. Oliver akasema hilo ni tatizo la mazingira ya mteja.

"Mazingira ndiyo mimi?" Mzee akafoka. "Sikiza, kijana. Mnazi unakwenda juu. Mwaka huu mmekata kuti, mwakani mtakata kichwa?"

Simu ikakatwa upande wa pili. Nduku anasema hakuna siku aliyoona haya kama hiyo.

"Nimeharibu mali ya mtu mzima ili kampuni isinunue kipande cha chuma. Na bado naambiwa nimseme Mwalimu kuwa hajui kutumia! Nikasema hapana. Siandiki huo uongo."

Mwalimu Rufaida alikuwa na miti ya mvinje aliyonunulia paa la jiko. Akatoa ulio mrefu kuliko yote. Nduku akalihamishia dishi kileleni, akausimamisha na kuufunga kwa waya pande tatu usiyumbe. Ofisi iliposikia ikaja juu, kwa kuwa hauna kipimo chake. Tangu hapo upepo unavuma na watoto wanasoma aya hadi mwisho.

Mzee Ngowa bado hajapoa. Humjibu salamu kwa ufupi, na Nduku anasema ni haki yake.

Anaposhuka ngazi, simu inalia tena. Safari hii anapokea.

"Oliver, siushushi. Anayetaka ushuke apande mwenyewe, na aanze kwa kumwambia Mwalimu usoni."

Anaizima. Anasema atafanya kazi kwa jina lake mwenyewe, na miti ya mvinje atanunua kwa wakulima wanaoipanda. Tayari ameitwa kijijini Jilore, kwenye nyumba ambayo intaneti hukwama kila jioni nyuma ya mkorosho mkubwa.

"Naenda Jumatatu hiyohiyo," anasema, akikunja gunia lake. "Na mkorosho nimeshauliza ni wa nani."