Korongo wa Nyuma ya Bucha

Nampenda korongo, na watu wakinisikia wananikunjia uso. Si yule mweupe wa mashambani. Nasema huyu mkubwa wa majalalani, mwenye kichwa cha upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni kama kidonda kilichokataa kupona. Jua likimzidi hujinyea miguuni apate ubaridi. Nilipohamia Kagongwa kufundisha nilipanga chumba karibu na machinjio, na asubuhi ya kwanza nilimwona mmoja akimeza kipande cha utumbo ambacho hakijaoshwa. Kilishuka kooni kwake polepole, nakiona. Chai ikanishinda.

"Utawazoea, mwalimu," mama mwenye nyumba aliniambia. "Hao ndio wanatufagilia. Wakihama hawa, nzi watatuhamisha na sisi."

Sikuwazoea.

Mama huyo alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweupe, pembe ya kushoto imevunjika. Masika yale ng'ombe akaanguka ghafla akafa, damu ikimtoka puani. Afisa mifugo alikuja, akasimama mbali, akasema asiliwe na wala asichunwe. Wanaume wakamfukia nje ya mji, wakamwagia chokaa. Mama alilia siku nzima.

Siku mbili baadaye alirudi na nyama kutoka bucha ya jirani yetu, mwanamume mcheshi anayejua majina ya watoto wote wa mtaa.

"Kaniongezea," mama alisema. "Anasema ni pole ya ng'ombe wangu."

Tulikula na ugali. Nakumbuka niliusifia mchuzi, nikaongeza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tukitoka kanisani tuliwaona korongo wamejaa juu ya bati la bucha, na wengine uani nyuma. Machinjio hayakuchinja siku ile, kwa hiyo tukashangaa wamefuata nini. Tukazunguka. Wawili walikuwa wanavutana na kiroba kilichofukiwa juu juu kwenye udongo. Kikachanika. Kikatoka kichwa cheupe, kimepakaa chokaa, pembe ya kushoto imevunjika.

"Mayo!" mama alisema, akashika ukuta. "Mwalimu, huyu si wangu?"

Nilikuwa nimeshainama natapika juu ya viatu vyangu vya kanisani.

Mwenye bucha alitoka na fagio, akaanza kuwafukuza ndege. "Wachafu hawa," alisema. "Hawana hata haya." Alikuwa anatabasamu. Mpaka leo nikilikumbuka tabasamu lile mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni.

Mama akamsogelea. "Shemeji, umenilisha ng'ombe wangu?"

"Mama, moto unaua kila kitu. Si mlipika?"

Hakukana. Baadaye tukajua alikuwa na vijana wa machimboni waliomfukulia usiku ule ule wa maziko, na nyama nyingine ilishapakiwa kwenda kwa wachimbaji. Sisi tulikwenda zahanati, tukapewa vidonge. Mama alivimeza huku analia kwa hasira. Wiki ile nilipiga meno mswaki hadi fizi zikatoka damu, na bado nilihisi mafuta yale kwenye ulimi.

Bucha ilifungwa, ikafunguliwa tena kwa jina la mdogo wake, rangi mpya ukutani. Foleni ni ile ile. Mwenye bucha yule yule ananiita nikipita: "Mwalimu, nikukatie steki?" Natema chini, navuka barabara.

Nyama nimeacha. Asubuhi sasa nakaa na kikombe changu nikiwatazama korongo. Bado wananuka. Lakini korongo akila uchafu anaula hadharani, mbele ya macho ya kila mtu, na hajawahi kumpelekea jirani yake akamwambia ni pole. Halafu jua likipanda wanakunjua yale mabawa mapana, wanapanda na hewa ya joto bila kupiga hata bawa moja, mpaka wanakuwa vidoa juu ya reli ya Isaka. Mama hutoka na kiti chake, tukawatazama pamoja.