Salamu ya Baba Kwenye Santuri

Baba ndiye aliyeianzisha kwaya ya usharika wetu, mlimani juu ya Kiboriloni. Lakini masikio yake yalizeeka kabla yake. Akawa anaimba ubeti wa pili wakati sisi tuko kwenye kiitikio, na Jumapili moja akaenda kukaa benchi la nyuma bila kuambiwa na mtu. Iliniuma sana.

Kwa hiyo tulipokubaliana kutoa santuri, niling'ang'ania kwamba Baba atoe salamu mwanzoni, asikike kama sisi wengine. Mwalimu wa kwaya alikubali shingo upande.

Tulirekodi kanisani. Baba akasimama mbele ya kinasa sauti na koti lake la Krismasi. "Bwana Yesu asifiwe," akasema, akanyamaza. "Hamjambo huko mlipo?" Akanyamaza tena, kwa raha zake, kichwa amekiinamisha, kisha akasema, "Marahaba." Ndipo tukaanza kuimba. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Utamsalimu mtu usimpe nafasi ya kuitika?

Wakati ule mpaka wa Kenya ulikuwa bado wazi, na santuri zilitengenezwa Nairobi. Nikapanda basi na mwalimu, utepe wenye sauti zetu nimeupakata njia nzima. Kazi ya fundi wa kule ilikuwa kuusafisha wimbo, kulinganisha sauti nzito na nyembamba, kisha kuchonga sahani ya kwanza ambayo nyingine zote zingetolewa kwayo. Alisikiliza kidogo tu, akausimamisha utepe.

"Dada, huyu mzee anamwitikia nani? Hakuna mtu amemwamkia."

"Watamwamkia," nikasema. "Wakishanunua."

Alicheka, lakini wembe akauchukua. Akatueleza kwa upole kwamba sahani ina nafasi yake. Ukiijaza mno, mistari inabanana na sauti inakuwa ndogo. Akikiondoa kile kimya chote, wimbo utatoka na nguvu.

"Kata," mwalimu akasema. "Bendi za mjini zinapasua spika, sisi tutasikika tunanong'ona."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilizidi kukasirika. Nikaweka kiganja juu ya utepe. "Kata ubeti wa tatu," nikasema. Ubeti ule niliuongoza mimi, peke yangu, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kuringa nao. Mwalimu alinitazama. Fundi akaukata, akauunga utepe, akatuonya kwamba hata hivyo sauti itakuwa ndogo kidogo. Mwalimu alinuna mpaka Moshi.

Santuri zilipofika tulikusanyika kwa jirani mwenye gramafoni. Watu walijaa mpaka barazani, mtori ukapoa jikoni bila mtu kuukumbuka. Sindano iliposhuka, sauti ikatoka ndogo kweli, kama tulivyoonywa. Baba alikuwa ameliinamia lile sanduku, sikio karibu liguse spika. Kisha akainua macho kunitazama, na macho yale yaliuliza kama imeshaanza.

Ilikuwa imeshaanza. Nilikuwa nimepigana wamwache Baba ndani ya santuri, na yeye peke yake chumbani ndiye asiyeisikia. Nilitamani kulia mbele za watu.

"Hamjambo huko mlipo?" gramafoni ikauliza, ikanyamaza.

Na nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, mwalimu wa kwaya akiwemo, ikaitika kwa sauti moja bila mtu kuipanga: "Hatujambo! Shikamoo!"

Baba alishtuka. Hiyo aliisikia. Aligeuka taratibu, akatutazama mmoja mmoja, akavua kofia.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, wanangu. Asanteni." Akaendelea kumsalimu kila mtu na kuwaulizia watu wake wa nyumbani, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, na wimbo wetu ukaisha wote bila mtu kuusikia.